Njia Tuliyoifupisha Jioni

Mwanangu Hawa,

Mmeondoka na mjomba wako Ismaili kwenda Naipingo kuaga, na najua mama zako wadogo hawatawaachia mpaka mle. Kwa hiyo nina muda. Jua bado kali, bati linalia huku juu, nami nimekaa barazani upande wa nyuma ambako kivuli kimefika. Nimeweka ubao wa kukatia mboga mapajani ili karatasi isitembee. Mkono wa kulia ni mzima, unaujua, na huo ndio unaoandika.

Naandika kwa sababu nikisema unaniangalia mdomo. Sikulaumu. Tangu upande huu wa uso ulegee, kila anayezungumza nami anaangalia pale mate yanapotokea, na wewe unakuwa na kitambaa tayari mkononi, maneno yenyewe yanapita. Nilisoma hadi la saba tu, lakini mwandiko wangu walimu waliusifu. Utasomeka.

Habari za sanduku sitakuambia, wala chakula cha njiani, wala namna ya kutunza vyeti. Mjomba wako ameyasema hayo tangu juzi na ameyarudia leo asubuhi huku anakunywa chai. Katavi uendako siijui. Nasikia mtu husafiri, akalala njiani, akasafiri tena. Siwezi kukuelekeza mahali ambapo sijafika. Ninachokijua ni zile jioni zetu, na nataka nikueleze nilivyoziona mimi, kwa kuwa naona unaondoka na kitu moyoni ambacho si chako.

Nianze na mama yako.

Ulikuwa chuoni wakati huo. Mama yako alikuwa anakunywa maji kama ndama na usiku haachi kwenda chooni, mpaka nikampeleka hospitali hapa mjini. Daktari akasema sukari imepanda, apunguze ugali na mihogo, tena atembee kila siku. Mama yako akacheka pale pale. Akamwambia, "Daktari, mimi maji nachota, kuni nabeba, shamba liko Naipingo nakwenda kwa miguu. Nitembee vipi zaidi?" Daktari akamwambia hapana, hayo yote ni kazi, anataka atembee bila mzigo, mikono ikiwa huru, haraka haraka mpaka jasho litoke. Na kwa kuwa ilikuwa miezi hii hii ya joto kabla ya mvua, akamwambia asithubutu mchana. Asubiri alasiri ipite, jua lipoe.

Akanunua raba za mtumba gulioni. Nyeupe, zina mstari wa bluu ubavuni, zimemzidi kidogo, akajaza kitambaa kwenye ncha za mbele. Jioni akazivaa chini ya gauni lake, akajifunga kanga, akaja kunisimamia hapa hapa barazani.

"Baba Hawa, twende wote."

"Twende wapi?"

"Hapo barabarani. Mpaka darajani na kurudi."

"Kuna nini darajani?"

"Hakuna kitu. Tunakwenda, tunarudi."

Nilicheka, Hawa. Nilikuwa nimetoka shambani, nimeshinda nafyeka chini ya mikorosho, mgongo unauma, na mke wangu ananiambia tukatembee kwenda mahali pasipo na kitu. Nikamwambia nenda mwenyewe. Akaenda. Mimi nikachukua kikombe changu cha kahawa nikaenda kwa kina Selemani, nikawasimulia, na wao wakacheka. Kuanzia hapo mtaa mzima ukajua kwamba mke wangu anatembea jioni bila safari.

Sikuwa na nia mbaya. Wala yeye hakukasirika. Alikwenda siku ya kwanza, ya pili, kama wiki hivi. Kisha jioni moja akarudi mapema, jua halijazama, akakaa akavua zile raba.

"Wanawake wa kisimani wananiuliza namtafuta nani," akaniambia kwa Kimwera, kama alivyokuwa akifanya akichoka.

"Wewe umewajibu nini?"

"Nimewajibu natafuta afya. Wamecheka."

"Basi acha," nikamwambia. "Unajisumbua bure."

Nilikuwa namenya muhogo niliposema hivyo, wala sikuinua uso. Akaacha. Raba akampa binti wa jirani aliyekuwa anakwenda sekondari. Yaliyofuata unayajua, kile kidonda cha kidole kilichoanza kama mchubuko wa kiatu, mguu ukakatwa chini ya goti, na kabla jeraha halijafunga tukamzika. Sisemi kwamba kutembea kungemponya. Daktari hakuniambia hivyo, nami sijamuuliza. Naogopa jibu lolote atakalonipa.

Mimi nami sikujifunza chochote. Ungedhani mtu aliyezika mke kwa ugonjwa huo angeuangalia mwili wake. Walipokuja watu wa afya kupima presha bure pale sokoni nikapima kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Kijana aliyenipima akarudia mara ya pili, akamwita mwenzake. Nikapewa vidonge. Nikavila mpaka kichwa kikaacha kuuma, nikaona nimepona, nikaacha. Shambani wakati huo kulikuwa kunahitaji kusafishwa chini ya miti ili korosho zikianguka zionekane, nami sikutaka kumlipa mtu kwa kazi ninayoiweza. Nikawa naingia alfajiri natoka jua la utosini.

Watu wakisimulia kiharusi wanasema mtu alianguka. Mimi kilichoanguka kwanza ni jembe. Nikainama kuliokota kwa mkono wa kushoto, mkono ukakataa. Niliucheka. Nikadhani umekufa ganzi. Nilipojaribu tena ndipo mguu nao ukaondoka, nikakaa chini kwenye majani makavu, jua lote usoni, nikamwita Selemani aliyekuwa shamba la pili. Nilidhani nimeita jina lake. Yeye anasema alisikia kama mbuzi aliyekamatwa na kamba. Alinipakia kwenye bodaboda, mwenye pikipiki mbele, yeye nyuma, mimi katikati kama gunia, na njia nzima nilikuwa nasikia kisigino changu cha kushoto kinaburuzika chini na siwezi kukiinua.

Wewe ulikuwa Ruangwa, unajitolea kufundisha huku unangoja ajira, unalala kwa shangazi yako Hadija. Mwalimu mkuu alikuwa anakupenda. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanakusindikiza mpaka mlangoni kwa shangazi, yeye ndiye aliyenisimulia. Ulikuja na mfuko mmoja tu, ukasema umekuja kwa wiki moja.

Hospitali ulikutana na yule binti wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mdogo kuliko wewe, ananishika mguu kama anayepanga kuni, hana haya hata kidogo, nikampenda kwa hilo. Alikwambia maneno yale yale ambayo daktari alimwambia mama yako. Atembee kila siku. Asitoke mchana na joto hili, presha itapanda. Jioni, jua likipoa, tena nje, sehemu tambarare, maana ndani atazoea kushika kuta. Ukaitikia, "Sawa, dada." Mimi nilikuwa nimelala natazama dari, na nilichokiona ni zile raba.

Jioni ya kwanza ulinivalisha viatu mwenyewe. Tulitoka getini nikiwa na fimbo mkono wa kulia na wewe kwapani kushoto, na kutoka hapa mpaka nguzo ya umeme ilikuwa kama kwenda Marambo. Nililowa jasho mpaka kikoi. Watu wa mtaa wakatoka kuangalia. Yule yule mke wa Selemani, ambaye alikuwa mmoja wa wale wa kisimani, akaja akasimama, akasema, "Pole shemeji, mazoezi dawa." Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa bado haujafunguka.

Tukawa tunatoka. Ukatafuta pale uwanja wa ndege kwa sababu ni tambarare na jioni kuna upepo, na ndege zenyewe hatuzioni. Siku za mwanzo tulipanda bodaboda mpaka pale, baadaye tukawa tunafika kwa miguu, tunapumzika kwa fundi baiskeli, halafu tunaingia. Unakumbuka palivyokuwa. Vijana wanakimbia na kuvua mashati, wengine wanapiga mpira, na upande wa pili kina mama wa Bi Mwajuma muuza maandazi, na madera yao, na ile spika inayokwaruza. Bi Mwajuma anahesabu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Mtua. Moja, mbili! Moja, mbili! Nyanyua! Nilikuwa nawatazama wanawake watu wazima, wenye wajukuu, wanaruka jioni mbele ya watu, na hakuna anayewauliza wanamtafuta nani. Nikawaza kwamba mama yako aliwahi mno. Angechelewa kuugua kidogo tu angekuwa na wenzake. Naliwaza hilo mpaka leo, na halinipi nafuu.

Wale vijana walikuwa na adabu. "Shikamoo mzee, leo umefika wapi?" Nikiwaitikia marahaba najisikia kufa. Wewe ulikuwa unawajibu kwa niaba yangu, "Leo amefika kwenye kile kichuguu," kwa furaha, kama mama anayesifia mtoto aliyesimama dede.

Sasa nikuambie kitu ambacho hatujawahi kukizungumza.

Kuna jioni Bi Mwajuma alikuja akakushika mkono. Akasema, "Binti, na wewe unakuja kusimama tu kila siku? Mwache mzee akae, njoo uzunguke na sisi." Ukanitazama. Nikakuambia nenda. Ukavua kandambili, ukafunga ushungi vizuri, ukaenda nao. Mwanzo ulikuwa katikati yao, unacheka, unawasubiri. Kisha mlipofika upande wa mbali naona uliwasahau. Ulitoka peke yako. Ulikimbia, Hawa. Ulikimbia kama ulivyokuwa unakimbia shuleni wakati wanakupeleka kwenye mashindano ya wilaya na mimi sikuja hata mara moja kukutazama, nilikuwa shamba. Jua lilikuwa jekundu nyuma yako, vumbi linanyanyuka, na hata wale vijana wa mpira walisimama.

Uliporudi karibu nikaona uso wako. Tangu nimeugua sikuwahi kukuona na uso ule, na wala sijauona tena.

Nami nikakuita. Nilikuwa na haja ndogo, nimeshindwa kuizuia, kikoi kimelowa, na nilikuwa naona haya vijana wasije kuniona. Hicho ndicho kilichonifanya nikuite. Ulikuja mbio, ukavua kanga yako ukanifunga, ukasema, "Twende nyumbani baba, mbu wameanza." Tukaondoka. Kesho yake Bi Mwajuma alikuita tena, ukamwambia mguu unakuuma. Na kesho kutwa. Mwishoni akaacha kukuita.

Sikukuambia kitu. Ningekuambia nini? Kusema "kakimbie" ni rahisi, na mimi nikibaki pale nakuita.

Na nilikuwa napata nafuu, kweli. Hiyo haikuwa ndoto yetu. Kiangazi kile nilifika mwisho wa uwanja, nikagusa majani ya upande wa pili kwa fimbo, ukapiga makofi peke yako. Nilianza kusema maneno yakasikika. Niliweza kuswali nimekaa kwenye kiti bila wewe kunishika bega. Usiku nilikuwa nalala nikipanga nitakavyokwenda Naipingo mwenyewe kutazama mikorosho yangu. Nilikuwa na matumaini mengi, mengi kuliko ya kwako, ila mimi nilikuwa nayaficha.

Kisha likaja joto la mwaka uliofuata, lile lililokausha hata kisima cha msikitini. Tulikuwa tunatoka kwa kuchelewa sana ili kukwepa jua, na hata hivyo ardhi ilikuwa inatoa moto chini ya miguu. Nikaanguka pale pale uwanjani, safari hii kweli nilianguka. Vijana wakanibeba. Daktari akasema ni kiharusi kingine, kidogo. Alikuita nje ya chumba, lakini dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na nilimsikia. Alisema kilichorudi kimesharudi. Kilichobaki ni kuzuia kisipungue zaidi.

Uliporudi ndani ulikuwa unatabasamu. Ukaniambia, "Daktari anasema tuendelee na mazoezi."

Nikasema, "Vizuri."

Hapo ndipo tulipoanza kudanganyana. Mwanzo uliniambia uwanjani kuna vumbi, tuishie kwa fundi baiskeli. Nikasema sawa. Baadaye ukasema fundi baiskeli anafungua redio kwa sauti, tuishie kwenye lile duka la mpesa. Halafu kwenye nguzo. Kila mara ulikuwa na sababu, na kila tulipofika ulikuwa unasema, "Umeona? Leo hukupumzika hata mara moja." Kweli sikupumzika. Hapakuwa na mahali pa kupumzika kati ya geti na nguzo.

Nilijua unaifupisha njia, Hawa. Nami nilikusaidia. Kuna siku nilisema goti linauma, nikakuonyesha goti, na lile nililokuonyesha lilikuwa goti zima, la kulia. Ulilichua hilo hilo kwa mafuta ya nazi, la kushoto hukuligusa. Nikajua kwamba na wewe unajua. Tukaendelea hivyo, kila jioni, watu wawili tunavaa viatu kwenda mahali ambapo kesho patakuwa karibu zaidi.

Ujumbe wa ajira ulipoingia ulikuwa unanikata kucha. Uliusoma, ukageuza simu ikatazama mkeka.

"Nani?" nikakuuliza.

"Matangazo tu ya simu, baba."

Ukamaliza kidole kile ukaruka kimoja. Nilijua si matangazo, ila nilidhani ni mwanamume, na nilifurahi. Mpaka mjomba wako alipokuja kutoka Ruangwa kwa hasira, ameambiwa na watu kwamba jina lako limetoka na siku za kuripoti zinakwisha, ndipo nikajua. Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Lakini hata asingekuwa mjomba, alikuwa na haki. Alisimama hapo uani akasema, "Shemeji, utamzika mtoto huyu kabla yako?" Ulikuwa jikoni. Najua ulisikia.

Jioni ile tulikwenda mpaka kwenye nguzo. Ukasema, "Baba, nisipokwenda wataweka mtu mwingine. Na waweke."

"Umengoja ajira hii tangu mama yako yu hai."

"Nitangoja nyingine. Au niripoti halafu niombe uhamisho."

"Watakupa?"

Ukautazama mguu wangu wa kushoto. Kisha ukasema, "Nani atakutoa jioni?"

"Hadija."

"Shangazi magoti yake mwenyewe hayapandi ngazi ya msikiti."

"Basi tutakaa."

"Daktari alisema ukikaa—"

"Najua alichosema. Dirisha lilikuwa wazi."

Uliniachia mkono. Ni mara ya kwanza uliniachia tukiwa barabarani. Nikashika nguzo. Ulilia ukiwa umetazama upande wa pili, na mimi nilingoja, kwa sababu bila wewe nisingeweza kurudi nyumbani, na hata hilo sikuweza kukupa, nikupe nafasi ulie peke yako.

Unakwenda kwa sababu ya jioni ile pale kwenye nguzo. Mjomba wako anadhani ni yeye aliyekushinda.

Mimi watanichukua wiki ijayo kunipeleka Ruangwa. Nyumba ya shangazi yako unaijua zaidi yangu. Ukifungua mlango uko kwenye mteremko, na mvua zikianza ile njia ni korongo. Hakuna mahali tambarare pa mtu wa fimbo. Kwa hiyo sitatembea, Hawa. Nitakaa kwenye kile kibaraza chake, nitaegemezwa ukutani, na mguu utakauka kama yule binti wa mazoezi alivyosema. Hadija akikwambia kwenye simu "baba yako anaendelea vizuri, leo kazunguka uani," mwitikie. Usimwamini, na usimgombeze. Naye atakuwa anakupenda kwa njia hiyo. Ukiomba uongee nami nitasema hivyo hivyo. Ukweli wangu uko kwenye karatasi hii, na sidhani kama nitakuwa na nguvu ya kuusema tena.

Sikuandikii ili unionee huruma. Naandika kwa sababu umeanza kusema, nimekusikia ukimwambia Bi Mwajuma alipokuja kukuaga, kwamba labda ungenitoa asubuhi na mapema badala ya jioni, labda ungenichua zaidi, labda siku ile ya joto tusingetoka. Acha. Ulifanya kila kitu alichosema yule binti, na ulifanya vizuri, na haikusaidia. Mambo huwa hivyo pia.

Huko uendako sijui joto lake likoje. Lakini jua likianza kupoa, toka. Presha iko kwetu na sukari iko kwao mama yako, wewe umebeba zote mbili. Vaa viatu vyako ukimbie. Wanafunzi watamwona mwalimu anakimbia barabarani, watacheka, na kuna mtu atakuuliza unamtafuta nani. Mama yako swali hilo lilimrudisha nyumbani. Usingoje mtu wa kuongozana naye, yeye alinitaka mimi nikakataa. Na ukiolewa na mwanamume akacheka, siwezi kukuambia umwache. Mimi nilicheka na mama yako akabaki, na kwa kubaki kwake sikumlipa lolote. Ninachosema ni kwamba yeye akicheka, wewe uwe umeshafika barabarani.

Jana jioni hukunitoa. Ulikuwa unapanga nguo, ukasahau, tangu tuanze hujawahi kusahau. Nilikaa hapa, nikasikia kwa mbali spika ya Bi Mwajuma, nikangoja uje na viatu. Hukuja. Na nikuambie ukweli, mwanangu, nilipoona giza linaingia na hatujatoka, nilipumua. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka muda mrefu sana, ila nilikuwa nakwenda kwa ajili yako, kama ulivyokuwa unakwenda kwa ajili yangu. Usiku ulikumbuka, ukaja ukasimama mlangoni ukasema, "Baba, mazoezi!" Nikajifanya nimelala.

Kuna moja la mwisho. Mjomba wako hatakuambia kwa kuwa anaona ni mkosi, na mimi nikikuambia kesho alfajiri pale kituoni utalia mbele ya watu wa basi.

Siku ukipigiwa simu, usipande gari. Kutoka huko mpaka Ruangwa ni mwendo wa siku na usiku, na sisi maiti hatulazi. Ukiwa bado unakata tiketi watakuwa wameshanitoa ndani, ukiwa njiani watakuwa wameshafukia, na utateremka Ruangwa umechoka, umevimba miguu, ukute watu wanakunja mikeka. Sitaki ufanye safari hiyo. Umekwenda na mimi safari za kutosha zisizofika. Kaa huko huko. Mwambie mwalimu mkuu, akupe siku ya kukaa ndani, uniombee dua. Siku ya pili ingia darasani.

Hutawahi, Hawa. Usikimbie.

Baba yako